Kura moja ya ziada, kura nne pungufu: kisa cha serikali ya mseto ya Thüringen

Kisa hiki ni cha kweli, kimetokea Ujerumani kwenye jimbo la Thüringen kati ya 2014 na 2024. Vigogo wa juu nimewataja maana walichofanya kipo hadharani na kila mtu alikiona kwenye tivii, ila wabunge wa kawaida, watumishi na makada wa chini nimewaacha kwa vyeo vyao tu. Kimeandikwa kwa ajili ya yeyote anayefuatilia serikali za mseto, awe mwanafunzi wa siasa, karani wa bunge, au mtu wa chama ambaye ipo siku atakaa mezani kugawana wizara na watu waliokuwa wanamponda majukwaani juzi tu.

Swali lenyewe ni hili: inakuwaje serikali ambayo waziri mkuu wake anapendwa mpaka na watu wasiokipenda chama chake, hela ipo, hakuna kashfa kubwa ya wizi, inaishi miaka kumi roho mkononi inahesabu vichwa? Jibu langu nalitoa mapema ili usomapo upate pa kunibishia. Hawa jamaa kwenye mambo yote makubwa waliitegemea aibu ya wapinzani wao kuliko makubaliano ya maandishi, yaani waliamini kuna vitu mwenzao hawezi kuvifanya kwa sababu ni aibu, na kila walipoamini hivyo yakawakuta.

Usuli

Thüringen ipo katikati ya Ujerumani, watu kama milioni 2.1, makao makuu Erfurt, miji mingine inayojulikana ni Weimar na Jena. Mpaka 1990 ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, ileile DDR ambayo Zanzibar iliitambua mwaka 1964 na ambayo mafundi wake walikuja kujenga maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani. Kwa mzee wa Unguja DDR ni maghorofa. Kwa mtu wa Erfurt DDR ni Stasi, polisi wa siri, ni jirani aliyekuwa anapeleka taarifa zako, ni ndugu alofungwa kwa kujaribu kuvuka mpaka. Ukilisahau hili hutaelewa kwa nini chama cha Die Linke, ambacho kilitokana na chama tawala cha enzi hizo, kilikuwa kinaogopwa namna ile.

Jimbo lenyewe pia lina historia nzito. Mwaka 1923 SPD, chama cha wanademokrasia wa kijamaa, na Wakomunisti waliunda serikali pamoja hapohapo Thüringen, ikadumu wiki chache tu jeshi la serikali kuu likaingia. Na Januari 1930 chama cha Hitler kilipata waziri wake wa kwanza kwenye serikali ya jimbo lolote Ujerumani, na jimbo lilikuwa ni hilihili, waziri Wilhelm Frick. Wajerumani wanayajua haya kwa moyo, wanafundishwa shuleni.

Uchaguzi wa Septemba 2014 ulitoa hivi: CDU, chama cha wahafidhina, viti 34, Die Linke 28, SPD 12, AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ndo kwanza wanaingia na viti 11, Kijani, chama cha mazingira, 6. Bunge zima wabunge 91, kwa hiyo ili utawale unahitaji 46. Jumlisha Linke, SPD na Kijani uone inakuja ngapi. Arobaini na sita kamili, kura moja tu juu ya wapinzani 45, hakuna hata mmoja wa akiba.

SPD walikuwa na njia mbili, kuendelea kuwa wadogo wa CDU kama walivyokuwa tangu 2009, au kuwa wadogo wa Linke. Waliwauliza wanachama wao na takriban asilimia 70 wakasema twende na Linke. Sababu inaeleweka, miaka mitano na CDU ilikuwa imewashusha mpaka asilimia 12.4. Novemba 9, siku ya kumbukumbu ya kuanguka kwa ukuta wa Berlin, maelfu ya watu walisimama Erfurt na mishumaa wakipinga. Kwenye makubaliano ya mseto Linke wakalazimika kuandika wazi kwamba DDR ilikuwa dola isiyofuata haki, na kuna watu wazima ndani ya chama hilo liliwakaa kooni.

Aliyewekwa mbele ni Bodo Ramelow, mtu wa chama cha wafanyakazi, Mkristo wa Kiprotestanti, na kwao ni magharibi, alikuja huku 1990 wakati viwanda vinafungwa. Desemba 5, 2014 duru ya kwanza akapata 45, mtu mmoja kateleza. Duru ya pili 46. Akawa waziri mkuu wa jimbo wa kwanza kutoka Die Linke nchi nzima.

Miaka mitano ya kura moja

Kipindi cha kwanza nakipitia haraka sababu kwa ujumla kilienda. Mwaka wa mwisho wa chekechea ukawa bure kuanzia 2018, Septemba 20 ikawa sikukuu ya watoto kuanzia 2019 na ndo jimbo pekee lenye mapumziko hayo, na madeni ya jimbo yakapunguzwa, kitu ambacho CDU walikuwa wanaapa Wakomunisti hawakiwezi.

Kilichobuma ni mageuzi ya mipaka, na hapa nakaa kidogo. Thüringen ni ndogo lakini ilikuwa na wilaya 17 na miji 6 inayojitegemea, watu wanapungua, vijana wanahamia magharibi, gharama za maofisi zinabaki zilezile. Serikali ikasema tupunguze, wilaya zibaki 8, kila moja iwe na watu wasiopungua 130,000, na miji kama Weimar na Gera ipoteze hadhi ya kujitegemea. Kwa hesabu za wizarani ilikuwa sawa kabisa. Ila mwambie mtu wa Weimar, mji wa washairi Goethe na Schiller, kwamba kuanzia sasa atakuwa chini ya wilaya, na kwamba ofisi ya kusajili gari itahamia mji mwingine. Mameya wakaja juu, hata wa vyama vya serikalini.

Sheria ya kuanzia ilipita bungeni 2016. CDU wakaenda mahakama ya katiba ya jimbo iliyoko Weimar, na Juni 9, 2017 mahakama ikaifuta. Sababu ni ya kukera. Mahakama haikusema mageuzi ni mabaya, ilisema utaratibu wa kutunga sheria ulikosewa, muhtasari wa kikao cha kuwasikiliza wawakilishi wa wilaya na manispaa haukuwafikia wabunge ipasavyo kabla ya kupiga kura. Karatasi! Mradi mkubwa kuliko yote wa serikali ukafa kwa karatasi ambazo hazikufika mezani. Waziri wa mambo ya ndani akaondolewa Agosti, na kabla mwaka haujaisha mpango mzima ukawekwa kando, ikabaki wanaotaka kuungana waungane kwa hiari, ndo maana Eisenach ilijiunga na wilaya jirani 2021.

Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha tabia. Ukiwa na kura moja ya ziada unakimbiza mambo, unaogopa kila siku inayopita mtu asije akahama. Na walihama kweli: 2016 mbunge aliyetoka AfD alijiunga SPD, wakawa 47, wakapumua, Aprili 2017 mbunge mmoja wa SPD akaenda CDU akiyapinga hayohayo mageuzi, wakarudi 46. Hesabu iliwashika akili mpaka siasa ya kumbembeleza meya ikaonekana anasa.

Oktoba 2019: hesabu inagoma

Uchaguzi wa Oktoba 27, 2019 ulikuwa wa ajabu. Linke wakashinda, asilimia 31.0, mara ya kwanza kuongoza jimbo lolote, viti 29. AfD chini ya Björn Höcke wakaruka mpaka 23.4 na viti 22. CDU wakaporomoka mpaka 21.7, viti 21. SPD 8, Kijani 5, na FDP, chama kidogo cha waliberali, wakapenya kizuizi cha asilimia 5, ambacho usipokifikia hupati kiti, kwa tofauti ya kura 73 jimbo zima, wakapata viti 5. Bunge la wabunge 90. Mseto wa zamani ukawa na 42, pungufu 4.

Yaani waziri mkuu kashinda, washirika wake wamemla. SPD kutoka 12.4 mpaka 8.2. Hili huwa linatokea sana kwenye miseto, sifa zote zinaenda kwa mwenye kiti, wadogo wanabaki na lawama za wizara zao.

CDU walikuwa wamejifunga wenyewe. Mkutano mkuu wa chama chao wa Desemba 2018 uliazimia hakuna ushirikiano na AfD na hakuna ushirikiano na Linke. Kwa majimbo ya magharibi azimio hilo halina gharama. Kwa Thüringen, ambako Linke na AfD kwa pamoja walikuwa na viti 51 kati ya 90, azimio hilo maana yake hakuna serikali ya wengi, period. Viongozi wa CDU kule Berlin hawakutaka kulisikia. Joachim Gauck, rais mstaafu wa nchi, alijaribu Januari 2020 kumkalisha Ramelow na kiongozi wa CDU wa jimbo wazungumze, wakazungumza, hakikuandikwa kitu.

Uamuzi wa kuingia kwenye kura

Hapa ndo kiini cha kisa. Mwanzo wa 2020 Ramelow alikuwa na njia tatu.

Ya kwanza, kubaki kama waziri mkuu wa muda. Katiba ya jimbo inaruhusu serikali ya zamani iendelee mpaka mpya ichaguliwe na haikuweka mwisho. Bajeti ya 2020 ilikuwa imeshapitishwa 2019 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo mishahara ipo, shule zinaenda. Muda ulikuwepo.

Ya pili, kuendelea kuwasukuma CDU mpaka waandike angalau ukurasa mmoja wa nini watakipitisha na nini hawatakifanya.

Ya tatu, kuingia bungeni na kutegemea duru ya tatu. Katiba inasema duru mbili za mwanzo unahitaji wingi wa wabunge wote, duru ya tatu anachukua aliyepata kura nyingi zaidi. Wao wana 42 za uhakika, AfD wana 22, CDU watakaa kimya, basi anapita.

Wakachagua ya tatu. Februari 4 vyama vitatu vikasaini makubaliano yao ya mseto kwa shangwe, kesho yake wakaingia kwenye kura. Sababu zao si za kijinga: hawakutaka kuonekana wameganda, mshindi wa uchaguzi alitaka uhalali mpya, na wanasheria walikuwa wameshabishana miezi duru ya tatu inahesabiwaje. Lakini tazama walivyobeti. Walibeti kwamba CDU na FDP hawawezi kupiga kura upande mmoja na Höcke, mtu ambaye chama chake chenyewe kiliwahi kujaribu kumfukuza. Ni sawa na kuacha duka wazi usiku kwa sababu majirani wote ni watu wa heshima. Na dalili zilikuwepo, Höcke mwenyewe mwezi wa 11 alishaandika barua kwa CDU na FDP akisema yuko tayari kuibeba serikali yao ya wachache. Barua ilikuwa gazetini.

Februari 5, 2020

AfD walisimamisha mgombea asiye na chama, meya wa kijiji kidogo ambaye wengi hawakuwahi kumsikia. Duru ya kwanza Ramelow 43, meya 25, wasioamua 22. Duru ya pili Ramelow 44, meya 22, wasioamua 24. Kila mtu anajua sasa tunaingia ya tatu tunamaliza twende nyumbani.

Duru ya tatu FDP wakamsimamisha kiongozi wao Thomas Kemmerich, mtu wa chama chenye wabunge 5. Kura ni ya siri. Matokeo yakasomwa: Ramelow 44, Kemmerich 45, hakuamua 1. Mgombea wa AfD sifuri. Hakuna hata mmoja wa chama kilichomleta aliyempigia, meya wa watu alikuwa chambo, kazi yake ilikuwa kuwafanya wengine waamini AfD wana mtu wao.

Kemmerich akaulizwa unakubali, akasema ndiyo. Kwenye kisa chote hii ndo sekunde ambayo mtu mmoja angeweza kusema hapana na mambo yakaisha. Höcke akaja kumpa mkono wa pongezi, picha ikazunguka dunia. Mwenyekiti wa Linke jimboni, Susanne Hennig-Wellsow, alikuwa ameandaa shada la maua la kumpongeza mtu mwingine, akalibeba mpaka mbele ya Kemmerich, akaliachia likaanguka miguuni kwake, akageuka akaondoka. Hakusema hotuba. Wajerumani wengi watasahau kura zilikuwa ngapi ila maua hawatayasahau.

Mwezi mmoja bila mawaziri

Angela Merkel wa CDU, chansela wa Ujerumani wakati huo, alikuwa ziarani Afrika Kusini. Februari 6 akiwa Pretoria akasema jambo hili halisameheki na matokeo lazima yabatilishwe. (Miaka miwili baadae, Juni 2022, mahakama ya katiba ya nchi ilisema kwa kauli hiyo Merkel alikiuka haki ya AfD ya kutendewa sawa na vyama vingine, maana aliisema akiwa kama chansela. Hata ukiwa na haki kuna namna ya kusema.) Siku hiyohiyo Kemmerich akatangaza ataachia, Februari 8 akajiuzulu rasmi. Annegret Kramp-Karrenbauer, mwenyekiti wa CDU nchi nzima, aliyekwenda Erfurt usiku kuwashawishi watu wake na wakamkatalia, tarehe 10 akatangaza ataachia uenyekiti. Kiongozi wa CDU wa jimbo naye akaondoka. FDP wakaenda uchaguzi wa Hamburg Februari 23 wakakosa asilimia 5 kwa unyoya.

Sasa Thüringen kwenyewe. Kemmerich alibaki waziri mkuu wa muda hadi apatikane mwingine, na hakuwa ameteua waziri hata mmoja. Baraza la mawaziri lilikuwa mtu mmoja. Mawaziri wa zamani vyeo vyao viliisha alipoapishwa, wizara zikabaki kwa makatibu wakuu. Fikiria wewe ni mkuu wa idara wizara ya afya, corona ndo inaanza kuingia Ujerumani, unahitaji saini ya kisiasa, na wizarani hakuna waziri.

Ramelow hapa alifanya kitu ambacho mimi nakihesabu kuwa cha akili kuliko vyote alivyofanya. Alipendekeza Christine Lieberknecht, waziri mkuu wa zamani wa CDU, mtu ambaye Ramelow mwenyewe alimpokonya kiti 2014, aongoze kwa muda mfupi mpaka uchaguzi mpya. CDU wakakwama, kumkataa mtu wao ni aibu, kumkubali ni uchaguzi wa haraka ambao wangechinjwa. Wakataka kuongeza masharti, mama mwenyewe akajitoa. Lakini baada ya hapo CDU hawakuwa tena na pa kujificha.

Februari 21 ukaandikwa mkataba. Mseto na CDU walikubaliana: Ramelow atachaguliwa, uchaguzi mpya utafanyika Aprili 25, 2021, bajeti ya 2021 itapitishwa kwa pamoja, na hakuna upande utakaotafuta wingi kwa kura za AfD. Machi 4 Ramelow akapita duru ya tatu kwa kura 42, hapana 23, wasioamua 20, CDU wamekaa tu kama walivyoahidi, FDP hawakupiga. Höcke akaja na mkono, safari hii Ramelow akaukataa palepale mbele ya kamera.

Mkataba ulipofanya kazi, na ulipokwisha

Kwa miezi kama kumi mfumo ulienda. Corona ikaja, sheria zikapita, chekechea mwaka wa pili bure ukaanza Agosti 2020, bajeti ya 2021 ikapita Desemba. Kijani ndo waliomeza machungu zaidi, sheria ya kuzuia mitambo ya upepo misituni ilipitishwa mwishoni mwa 2020 kama sehemu ya kupatana na upande wa pili, alafu 2022 mahakama ya katiba ya nchi, iliyoko Karlsruhe, ikaifuta. Chama cha mazingira kimeachia upepo, na kumbe hata sheria yenyewe haikusimama.

Kisha uchaguzi ukaahirishwa kutoka Aprili mpaka Septemba 26, 2021 sababu ya corona. Kulivunja bunge kunahitaji theluthi mbili, yaani 60. Mseto 42 na CDU 21 ni 63, inatosha. Wabunge wanne wa CDU wakasema hatupigi, ikawa 59. Moja pungufu. Hapo kila mtu akaona kitakachotokea, AfD wanaweza kujazia kura zao na kusema sisi ndo tumeleta uchaguzi, na wabunge wawili wa Linke wakasema kwa namna hiyo hata sisi hatumo. Julai 16 Linke na Kijani wakaondoa saini zao, uchaguzi mpya ukafa. Wiki moja baadae Höcke akaleta kura ya kutokuwa na imani akijiweka yeye kuwa waziri mkuu, akapata 22, idadi ya watu wake.

Ndo hivo, serikali iliyoundwa kuishi mwaka mmoja ikabaki miaka mitatu zaidi, na mkataba wa kuibeba ulikuwa umekwisha. Hawakuandika mwingine. CDU hawakutaka na mseto haukulazimisha. Kila bajeti ikawa mnada, ya 2022 ilipita tu baada ya CDU kulazimisha makato ya jumla ya zaidi ya euro milioni 300 bila kusema yakatwe wapi, wizara zijijue. Ndani nako kukachacha, waziri wa mazingira wa Kijani akatangaza mwisho wa 2022 kwamba anaachia, na mwanzoni mwa 2023 waziri wa sheria wa chama hichohicho akaondolewa baada ya chama chake kuamua kupanga watu upya.

Septemba 14, 2023 ikaja ile ambayo kila mtu alijua itakuja. CDU walileta muswada wa kushusha kodi ya kununua nyumba na ardhi kutoka asilimia 6.5 hadi 5. Kodi yenyewe mseto ndo ulikuwa umeipandisha 2017. Hesabu ya serikali ilikuwa kwamba jimbo litapoteza kama euro milioni 48 kwa mwaka. Ikapita 46 kwa 42, na AfD wakiwa ndani ya hizo 46. CDU wakasema sisi hatujazungumza na AfD, hatuwezi kuacha wazo zuri kwa sababu wengine wameliunga mkono. Kisheria hawakuvunja kitu, mkataba uliokataza hilo ulishakufa.

Matokeo

Septemba 1, 2024: AfD asilimia 32.8 na viti 32, chama cha kwanza. CDU 23.6. BSW, kipande kilichomeguka kutoka Linke mwanzo wa mwaka huohuo, 15.8. Linke 13.1, kutoka 31.0. SPD 6.1. Kijani na FDP nje ya bunge. Kuongoza BSW jimboni alikuwa aliyekuwa meya wa Eisenach, mtu wa Linke wa miaka mingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kipigo kilitoka ndani ya nyumba.

Si haki kumbebesha Ramelow hesabu yote hiyo. Vita vya Ukraine, bei ya gesi na hasira dhidi ya serikali ya Berlin viliwapiga wote. Lakini kwa miaka minne wananchi waliona serikali inayoomba ruhusa, na mtu aliyechoka kuona hivyo alikuwa na vyama viwili vya kukimbilia, AfD na BSW.

Uchambuzi

Wengi wanaoisimulia habari hii wanaiweka yote kwenye Februari 5, usaliti, maua, mkono wa Höcke. Mimi naona Februari 5 ni dalili. Ugonjwa ulianza 2014 kwa sababu kura moja iliwatosha. Kwa miaka mitano hawakulazimika kujifunza kuongea na mtu asiye wao. Mageuzi ya wilaya yalihitaji CDU, ambao wakuu wengi wa wilaya walikuwa wao, na wangeweza kupata toleo dogo, wilaya 12 badala ya 8 kwa mfano, likadumu. Wakaenda kwa kura zao wenyewe na karatasi zikawaangusha.

Kosa la Januari 2020 ni la wakati. Bajeti ipo, katiba haikukimbizi, wapinzani wana mgogoro wao wa ndani unaokua kila wiki. Presha yote ilikuwa kwa CDU na mseto ukaihamishia kwake kwa hiari. Wapo wanaobisha kwamba kusubiri kungeonekana ni kung'ang'ania madaraka. Inawezekana, ila linganisha na kilichotokea.

Kilichofanikiwa ni kitu kimoja na kilikuwa kidogo sana, kipengele cha kukataza kutafuta wingi kupitia AfD. Hakikuwataka CDU wampende Ramelow wala wamchague, kiliwaambia tu kitu gani hawatafanya, na mpaka lini. CDU waliweza kukisaini bila kuvunja azimio lao la 2018 kwa sababu walijiita upinzani wenye kujenga na kila mtu akajifanya haoni. Unafiki wa namna hii kwenye bunge lililogawanyika una kazi yake, ndo unaompa mtu nafasi ya kufanya linalotakiwa bila kuchomwa na wanachama wake.

Kilichoharibika baadae ni kuuacha mkataba ufe Julai 2021 bila kuufufua. Wakati ule Linke wangeweza kusema, sawa, uchaguzi umeshindikana kwa sababu ya watu wenu wanne, basi mnatuwia, kaeni tuandike wa miaka mitatu. Walikuwa na haki ya kudai na CDU walikuwa na soni. Badala yake wakarudi kulekule, CDU hawatathubutu mara ya pili baada ya yaliyowakuta 2020. Wakathubutu, kwa njia ya kodi ya nyumba, jambo ambalo wapiga kura wao walilifurahia.

Kuhusu washirika wadogo, SPD walitoka na wabunge 12 wakaishia 6, Kijani 6 wakaishia sifuri. Walipata wizara, hawakupata alama yao. Ukimuuliza mtu wa Erfurt nani alileta chekechea bure atakwambia Bodo.

Na duru ya tatu? Kipengele cha "kura nyingi zaidi" kilichozaa yote haya kilijadiliwa tena na tena, kikashindikana kupata theluthi mbili, bunge jipya la 2024 likakikuta kama kilivyo. Safari hii mwenye shida ya hesabu alikuwa Mario Voigt wa CDU. CDU, BSW na SPD walikuwa na viti 44 kati ya 88, nusu kamili, na azimio la kutoshirikiana na Linke bado lilikuwepo kwenye makabrasha ya chama chake. Kabla ya kura ya Desemba 12 wakakaa na Linke, wakaandika utaratibu wa kukutana na kushauriana miswada kabla haijafika bungeni, kisha ndo wakaingia ukumbini. Voigt akapita duru ya kwanza kwa kura 51.